Slapu kwenye besi: mbona inatugombanisha hivi?

Wasomaji wangu wapendwa, salaam nyingi kutoka Mwanga, Kigoma. Mwezi huu barua na meseji zimekuwa nyingi mpaka nimechelewa kuzimaliza, na karibu zote zinaongelea kitu kimoja tu, ile staili ya kuchapa waya za gitaa la besi kwa dole gumba ambayo wenyewe tunaiita slapu. Chanzo ni mimi. Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza kuhusu tenzi nikamjibu kwa mstari mmoja kwamba kwenye tenzi asipige slapu, basi, nikaendelea na mengine. Kumbe nimetonesha kidonda. Wapo walionishukuru kama vile nimewatolea nyoka ndani ya nyumba, na wapo walioniambia nimepitwa na wakati, na karibu wote ni wapiga muziki, wanajua wanachosema. Kwa hiyo leo ukurasa mzima ni wa slapu. Nimechagua barua tano.

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 19, napiga besi kwaya ya vijana hapahapa Mwanga. Slapu nimejifunza kwa kuangalia video kwenye simu mwaka mzima na sasa hivi naiweza vizuri tu. Juzi kwenye mazoezi mwalimu wa kwaya kasimamisha wimbo katikati, mbele ya watu wote, kasema hayo makelele niyapeleke baa. Ila kanisa la jirani timu yao ya sifa wanaipenda hatari, kila wiki wananiomba nikawapigie. Sasa nani yuko sahihi hapo? – Mpiga besi, Mwanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, kusimamishwa mbele ya wenzako kunauma na mwalimu angeweza kukuita pembeni mkaongea. Hilo nimelisema, sasa tuje kwenye besi yenyewe.

Nataka ufanye kitu kabla hujaendelea kusoma. Shika gitaa lako, ampu usiwashe, piga waya mnene wa E kwa kidole cha shahada taratibu halafu uuache mpaka unyamaze wenyewe. Utauona unatikisika mpana kabisa, kama kamba ya kuanikia nguo siku ya upepo, na sauti inakaa, inakaa, inakaa. Huo waya unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde moja, ndo maana besi unaisikia zaidi kifuani na kwenye benchi ulilokalia kuliko masikioni. Haya, sasa uchape waya huohuo kwa dole gumba pale shingo inapoishia. Umesikia? Kuna "ta!" ya chuma imetangulia. Hapo waya umegonga freti, vile vyuma vya kwenye shingo. Ile "ta" imejaa sauti za juu, kali, inakuja na kuondoka, halafu chini yake noti yenyewe inabaki fupi kwa sababu mkono wako unauzima waya haraka ili uchape tena. Sasa dokoa waya mwembamba wa G kwa kidole, uvute uuachie urudi kugonga freti, ndo kabisa, unalia kama mchapo wa kiboko.

Kwa hiyo ukipiga slapu besi yako inakuwa vitu viwili kwa mpigo, besi na ngoma. Dole gumba linafanya kazi ya ile ngoma kubwa ya mguu ya dramu, na kidole kinachodokoa kinafanya kazi ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Ni ufundi mzuri sana, mtu anayeupiga kwa usafi namheshimu, na aliyekwambia ni makelele matupu hajawahi kukaa chini akajaribu hata dakika tano.

Ila angalia kwaya yenu. Dramu zipo. Tumba ipo, na mpiga tumba naye ana mapigo yake ya kiganja yanayolia juu hukohuko. Kuna gitaa la rizimu linachakacha hukohuko. Halafu kuna waimbaji 30 au 40, na kitu kinachofanya maneno yao yaeleweke hadi benchi la nyuma ni zile k na t na p na s, ambazo nazo zinakaa hukohuko juu. Wewe ukiingia na dole gumba lako unagombania kiti kimoja na watu wote hao, na kule chini ulikotoka hakuna aliyebaki. Mwalimu wako anasikia lile shimo. Pengine hawezi kulieleza ndo maana kaishia kusema makelele, ila anachokisikia ni kweli kabisa, kwa sababu sauti ya kwanza na ya pili wanaegemea ile besi ndefu ili tyuni yao isiteleze, besi ikianza kukatikakatika unawasikia wanahama kidogokidogo, hasa kwenye wimbo wa taratibu, mpaka beti la tatu kinanda kiko kwake na wao wako kwao.

Kule kwa jirani hali ni nyingine. Pambio linakwenda mbio, maneno machache yanayorudiwarudiwa, waimbaji watano sita, watu wamesimama wanapiga makofi. Pale "ta" yako ina mahali pa kukaa. Na hao jamaa wa sifa wana sababu ya kuipenda, wengi wetu tulikua tunaangalia kanda za mwimbaji wa sifa Ron Kenoly za miaka ya 1990 na aliyekuwa kwenye besi ni Abraham Laboriel, mzaliwa wa Mexico, mtu anayepiga besi huku anacheka na kurukaruka, mkono wake wa kulia unachapa, unadokoa, unakwangua kama mpiga gitaa wa Hispania. Kanda zile zimefundisha wapiga besi wa makanisa yetu kuliko shule yoyote ya muziki ninayoijua. Kwa hiyo nikijibu swali lako moja kwa moja, wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwenye nyumba yake.

Kuna jambo lingine nalifikiria muda mrefu nikiangalia nyie vijana mnavyojifunza, na sijaona mtu akiliongelea. Umesema umejifunzia kwenye simu. Mdogo wangu, spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wako, haiwezi kabisa kutoa sauti ya mitikisiko 41 kwa sekunde. Mpiga besi anayepiga kwa vidole vizuri, taratibu, noti ndefu, kwenye simu hasikiki, utadhani anapapasa gitaa tu. Anayechapa anasikika, kwa sababu ile "ta" ya juu ndo kitu pekee cha besi ambacho simu inaweza kukitoa. Sasa mtu akitaka klipu yake itazamwe atapiga nini? Na wewe uliyekuwa unatazama umejifunza nini? Umejifunza nusu ya juu ya besi. Tafuta hedifoni nzuri, hata za kuazima, halafu urudie kuangalia hizohizo video, utashangaa kuna kitu kilikuwa kinaendelea chini muda wote.

Na kwa mwalimu wako usiende kubishana. Mwombe sehemu moja. Kila wimbo una pale ambapo waimbaji wanavuta pumzi, pengo la biti nne hivi au nane, omba hilo. Paul Simon wa Marekani mwaka 1986 alitoa wimbo unaitwa "You Can Call Me Al", besi alipiga Bakithi Kumalo wa Soweto, na ndani yake besi inaachiwa peke yake kwa sekunde chache tu, halafu kumbe nusu ya pili ya kile kipande ni nusu ya kwanza ilivyogeuzwa kinyumenyume studio. Wimbo mzima watu wanaukumbuka kwa zile sekunde. Sidhani kama wangezikumbuka angekuwa anafanya vile mwanzo mpaka mwisho.

SWALI: Bwana mwandishi, mimi ni mtu wa makamo, naishi Tabora. Nimekulia kwenye muziki wa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, besi ilikuwa inatembea unaisikia kama mtu anakusimulia hadithi. Haya mambo ya kupigapiga waya kama mtu anaua mbu nani katuletea? Hata Wakongo hawakuwa nayo. – Mzee wa dansi, Tabora

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi sana kupata barua kutoka Tabora, hizo bendi ulizozitaja ndo zilizotufundisha na sisi wa mwisho wa reli kwamba besi inaweza kuongea.

Aliyeileta ana jina, na ukijua aliileta kwa sababu gani nadhani utamhurumia kidogo. Anaitwa Larry Graham, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Texas mwaka 1946, akakulia Oakland kule California. Mama yake alikuwa mwimbaji na mpiga piano, kijana akawa anapiga naye kwenye kumbi. Mwanzo kijana alikuwa na gitaa la kawaida, huku miguu yake inakanyaga besi za ogani ya ukumbini. Siku ogani ikaharibika. Kijana akaenda kukodi gitaa la besi ili wasikose ile sauti ya chini, akijua ni kwa muda tu, ogani ikitengenezwa anarudisha, ila ogani haikutengenezeka. Baadaye wakawa hawana mpiga dramu, wamebaki wawili, mama na mwanae. Sasa hapo utafanyaje? Ndo akaanza kuchapa waya kwa dole gumba badala ya ngoma ya mguu na kudokoa badala ya snea. Hakuwa anajionyesha mzee wangu, alikuwa anaziba pengo kwenye bendi ya mama yake.

Baadaye akaingia bendi ya Sly and the Family Stone, na mwishoni mwa 1969 wakatoa wimbo wenye hiyo besi dunia nzima ikausikia. Baada ya hapo ikawa moto wa nyika. Wapiga besi wengine wakaja nayo, Louis Johnson, Stanley Clarke, Marcus Miller, Uingereza akatokea Mark King wa bendi ya Level 42.

Na kabla ya gitaa la umeme ilikuwepo pia, mapema kabisa mwanzoni mwa karne iliyopita kule New Orleans, kwenye ile besi kubwa ya mbao anayosimama nayo mtu. Wapigaji kama Pops Foster walikuwa wanavuta waya kwa nguvu wanauachia ugonge ubao wa shingo. Sababu? Hakukuwa na ampu. Tarumbeta na tromboni zinapuliza hapo pembeni, mwenye besi akipapasa kwa adabu nani atamsikia? Kwa hiyo mara zote mbili, New Orleans na Oakland, mtu alichapa waya kwa sababu kuna kitu kimekosekana.

Kuhusu Wakongo naomba nikupinge kwa heshima. Sisi Kigoma tumetenganishwa nao na ziwa tu, mitumbwi na maboti yanakuja na watu na kanda zao toka zamani, nimewakalia karibu sana. Kweli slapu ya Kimarekani si staili yao, ila sebene ikichemka sikiliza besi peke yake, utasikia mpigaji anadokoa waya kwa dole gumba na kidole, kwa nguvu, noti fupi, ananyamaza, anarudi, anaachia tumba ijibu, ananyamaza tena. Nayo ni besi yenye ngoma ndani yake. Tofauti ni kwamba inapangwa pamoja na tumba, mmoja akisema mwingine anasikiliza. Nadhani ndo maana wewe masikio yako yanaipokea bila shida.

Halafu kuna kitu kingine kilichoiharibia slapu jina na wapiga besi hawahusiki kabisa. Ni vinanda. Toka mwanzoni mwa miaka ya 1990 vinanda vingi vinakuja na orodha ya sauti 128 zilizopangwa kwa namba dunia nzima sawa, na namba 37 na 38 ni slapu ya besi, ya kwanza na ya pili. Kwaya isiyo na mpiga besi mpiga kinanda anabonyeza 37 basi imetoka. Mzee wangu, mi nimesikia hiyo 37 kwenye kanda za harusi, kwenye matangazo ya redio, kwenye misiba, mpaka nikiisikia meno yananiuma. Ni sauti moja, pigo la kwanza na la elfu moja ni lilelile, hakuna dole gumba lililochoka pale wala lililokasirika. Watu wengi ninaokutana nao wanaosema hawapendi slapu, ukiwauliza sana, slapu waliyoisikia maisha yao yote ni hiyo.

SWALI: Nina mitambo ya kukodisha Ujiji. Kuna kijana kaja kupiga besi kwenye shughuli, kachapachapa, spika yangu moja ya inchi 15 imeanza kukwaruza na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, imekufa kabisa. Nimdai? – Fundi mitambo, Ujiji

JIBU: Kaka pole na hasara. Ila kabla ya kumdai jiulize taa nyekundu ya ampu ilikuwa inawaka au haiwaki, na kama ilikuwa inawaka nani alikuwa kakaa kwenye mikisa.

Mi pia natengeneza spika kwa hiyo nimezifungua nyingi za namna hii. Ya mwisho niliyofungua ilikuwa ni wiki mbili zilizopita, nikatoa koni nikainusa, harufu ya koili iliyoungua huwezi kuisahau, kama plastiki na nywele vimechomwa pamoja, na pembeni mwa koili waya mwembamba umekuwa mweusi. Shida ya slapu ni kwamba masikio yanakudanganya. Unasikia sauti ya wastani unaona ipo chini, unaongeza, kumbe kila dole gumba likigusa kuna mruko mmoja mfupi mkubwa mara kadhaa kuliko huo wastani. Ampu ikiwa ndogo inafika mwisho wake inakata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa vichwa yanapeleka umeme mwingi wa sauti za juu kwenye twita ambayo haikutengenezwa kuubeba. Twita inakufa kwanza. Wengi wanadhani ampu kubwa ndo inaua spika, wakati ampu ndogo iliyolazimishwa nayo inaua, tena sana.

Fanya hivi. Kwanza weka kompresa, kile kifaa cha kubana miruko ya sauti, kwenye laini ya besi, nne kwa moja inatosha kwa kuanzia, iwe na wepesi wa kulidaka dole gumba. Kata sauti zote za chini ya mitikisiko 40 kwa sekunde, hazimsaidii mtu, zinaitikisa koni bure. Kwenye ikwalaiza usimpandishe juu na chini huku ukichimba katikati, kila mpiga slapu anaipenda hiyo kwa sababu akiwa peke yake chumbani inasikika tamu, ila ukumbini ukishaingia watu 200 ile katikati uliyochimba ndo besi yenyewe ilipokuwa. Mwisho, saundicheki mwambie achape kwa nguvu zake zote, ile ya saa sita usiku akiwa kapandwa, halafu ndo uweke levo hapo. Wengi wanachapa kwa upole kwenye saundicheki.

Kumdai, kama mlikuwa hamjaandikiana, gawaneni.

SWALI: Kaka habari, mi ni binti wa Kasulu, napiga besi. Nikitaka kujifunza slapu wananiambia ni ya wanaume, mikono mikubwa, na dole gumba langu kweli limevimba. Niache? – Binti wa besi, Kasulu

JIBU: Usiache hata kidogo. Rhonda Smith alipiga besi kwa Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, miaka mingi na slapu yake ni kali kuliko ya wanaume karibu wote ninaowajua mimi, na hao wanaokukatisha tamaa waambie wataje walichopiga wao.

Dole limevimba kwa sababu unatumia nguvu ya dole. Nguvu inatoka kwenye kifundo cha mkono. Kifanye kama unafungua kitasa cha mlango, kinazunguka kidogo, dole gumba limelegea linafuata tu, linagusa waya kwa ule ubavu wa fundo lake na kuruka hapohapo. Likikaa kwenye waya limeua sauti. Piga juu ya freti ya mwisho kabisa, pale waya uko karibu na chuma hauhitaji nguvu. Pumzika siku tatu nne uvimbe uishe, halafu anza upya kwa mwendo wa biti 60 kwa dakika, waya mmoja tu wa E, dakika kumi kwa siku usizidishe. Na mkono wa kushoto uufundishe kugusa waya bila kubonyeza, zile noti zilizokufa zinazosema "tk", nusu ya utamu wa slapu iko hapo na watu wanasahau kuzifanyia mazoezi. Waya ukipata mpya zile za mviringo zinalia zaidi, zile bapa zilizolainishwa hazikufai kwa kazi hii, ila kama huna hela waya zako zilezile zipanguse kwa spiriti kwa kitambaa, zitafufuka kwa muda.

Niandikie tena ukifika 100.

SWALI: Toleo lililopita ulijibu kwa mstari mmoja tu. Sema wazi, wewe unaipenda slapu au huipendi? Mi napiga tumba na nikiwa na mpiga besi anayeslapu najiona sina kazi. – Mpiga tumba, Katubuka

JIBU: Ndugu yangu naipenda. Naipenda tangu nikiwa kijana, na hilo la kujiona huna kazi nalielewa vizuri sana, wewe ndo umelisema kwa maneno machache kuliko barua zote nilizopokea. Ngoja nikusimulie.

Kuna harusi moja tulipiga Ujiji, zamani kidogo. Mpiga dramu wetu alikuwa kaenda kwao Tabora, anarudi siku hiyohiyo, basi likaharibika huko maeneo ya Uvinza, simu yake ikaisha chaji, sisi tumeshafunga vyombo, maharusi wameshaingia, saa mbili usiku imefika na pale jukwaani dramu zimekaa peke yake na kiti kitupu. Na mpiga tumba siku hiyo hatukuwa naye, alikuwa mgonjwa. Tuko wanne, solo, rizimu, kinanda na mimi. Kiongozi wa bendi ananiangalia. Mpiga kinanda akasema naweza kuweka ngoma za kinanda, kiongozi akakataa, akasema wenye harusi walilipia bendi.

Nikaanza kuchapa. Sijawahi kupiga vile kabla wala baada ya siku ile. Kila wimbo, dole gumba chini, kidole juu, natafuta snea kwenye waya wa G na ngoma ya mguu kwenye E, mkono wa kushoto unagongagonga waya zilizokufa ili kuwe na kitu kama haihati, yale matoazi mawili ya dramu. Masaa mawili mazima. Watu walicheza, siwezi kudanganya, vijana walikuja mbele kabisa wakawa wanaangalia mkono wangu badala ya kucheza, wengine wanapiga picha. Lengelenge likatoka likapasuka, nikafunga kitambaa nikaendelea. Nilijisikia mkubwa. Ila nilikuwa naona pia kwamba kina mama na wazee bado wamekaa, wanatikisa vichwa kwa heshima tu, nyimbo ni zilezile wanazozijua na wamekaa. Sikuelewa.

Saa nne na kitu jamaa akaingia, kaja na pikipiki kutoka stendi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimia mtu. Akapanda, akakaa, akachukua vijiti, akatusikiliza kidogo kwa kichwa, halafu akaingia wimbo ukiwa katikati. Na mimi mkono wangu wenyewe ukabadilika, hakuna aliyeniambia, dole gumba likaacha kuchapa, vidole viwili vikashuka kwenye waya wa E nikapiga noti moja ndefu, nikaiacha ikae, nikapiga ya pili. Nilihisi ubao wa jukwaa unatetemeka chini ya viatu vyangu, kitu ambacho sikuwa nimekihisi usiku ule wote.

Kulikuwa na bibi mmoja kakaa upande wa bibi harusi, meza ya mbele, kitenge cha kijani, toka saa mbili hajanyanyuka. Noti ya tatu au ya nne alivua viatu, akavisukuma chini ya kiti kwa mguu, akaingia kati.